Mwaka Walipomwangusha Tout-Terrain kwa Shangwe

Jumamosi iliyopita Préfet, mkuu wa shule yetu ya zamani, alisimama mbele ya micro ya kipaza sauti, koti limefungwa vifungo vyote katika jua la saa saba, akasema: "Huyu mutoto, siye njo tulimulea. Siye njo tulimufundisha." Huyo mtoto, Gédéon, alikuwa amesimama pembeni yake, mrefu kuliko mlango wa ofisi, mkono mmoja mfukoni, akitazama viatu vyake. Tulikuwa tumeitwa sisi wanafunzi wa zamani kwa sherehe ya kufunga mwaka, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki mbele ya kombe ambalo Préfet analitunza ndani ya kabati la kioo. Katika shule ile vitabu vinakaa ndani ya mifuko ya simenti. Kombe ndilo lenye kabati. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nina aibu tangu utoto, sijui kusimama mbele za watu nikasema kitu, na hata darasani nilikuwa naandika jibu kwenye karatasi na kumsukumia jirani alisome kama lake. Lakini kukataa kupiga makofi hakuombi ujasiri wowote, unakalia mikono yako tu. Nilikalia mikono yangu, nikakumbuka ule mwaka wetu wa cinquième, wa kabla ya mwisho, nilipokuwa na miaka kumi na sita, nikaona dharau yangu haijapoa hata kidogo. Ndiyo maana ninaandika.

Wakati ule nilikaa kwa mama mdogo wangu, Mama Rosette, ambaye malewa yake iko nyuma ya ua wa shule, hapa Bigo. Ni malewa kama zingine, kibanda cha kula cha mbao na mabati, unakifuata kwa moshi. Kina vyumba viwili. Cha nyuma ni jikoni: mafiga, sufuria ya maharagi ambayo haijawahi kuwa tupu, na benchi fupi niliyokuwa nakaa kuchambua mboga ya lenga-lenga baada ya masomo. Cha mbele Mama Rosette anakiita salon, kwa sababu kina meza moja yenye nailoni ya maua, na walimu wetu walikula pale kila siku. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna ukuta wa mbao uliozibwa kwa makarton, na kwa makarton hayo nilisikia mambo mengi kuliko niliyosikia darasani. Darasani walimu wetu walikuwa wamechoka. Mezani walikuwa na nguvu. Prof wa jiografia, ambaye alituchorea ziwa letu upande usio wake na hakurekebisha, angeweza kukuambia nani alimpa nani pasi kabla ya kila goli la miaka yote aliyofundisha. Nilikuwa nawapelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, naweka sahani, natoka, na hakuna aliyenyamaza kwa ajili yangu. Mtu mwenye aibu anageuka kiti, watu wanaongea juu yake.

Gédéon alikuja Septemba, kutoka upande wa Nizi, wakati watu walikuwa wanakimbia huko, na sitaandika zaidi juu ya hilo. Prof wa gym alimwona barabarani akiruka mtaro na bidon ya maji kila mkono, maji yasimwagike. Kesho yake Gédéon alikuwa ndani ya darasa letu la biochimie, bila minerval, yaani karo, bila uniform, bila mtu kumuuliza alifika wapi katika masomo. Juma lile lile alicheza mpira wa miguu akafunga. Wakampeleka kwenye basket, ambayo hakuwa amewahi kuigusa, wakamwonyesha kikapu kiko wapi, akafunga. Volley vile vile. Halafu wakagundua anakimbia. Siku moja ya mashindano ya mashule nilimwona akitoka kwenye basket kabla ya mwisho, moto, yaani pikipiki, imewashwa na inamngoja, Prof wa gym amekaa nyuma ameshika viatu vya mpira kama mtu aliyebeba kuku, wakaondoka kwa vumbi kwenda uwanja wa Shari, akacheza kipindi cha pili, akafunga, na kabla hajapumua wakamvua jezi ili akimbie mbio za kupokezana. Mafana, mashabiki wa shule, wakamwita Tout-Terrain, kama jeep. Hakuna aliyeona kwamba jeep nayo inapelekwa garage.

Walikuwa watu wazima, hao mafana. Hilo ndilo lililonishangaza. Rais wao alikuwa baba wa watoto, mwenye duka la vipuri vya moto, na alikuwa anakuja mapumziko akiwa na filimbi shingoni kumwangalia mtoto wa watu akinywa maji. "Amekunywa mingi leo," alikuwa anawaambia wengine, kwa sauti ya daktari. Wasichana wa darasa letu walibadilisha misuko. Préfet alianza kuvaa kravati hata uwanjani. Na walimu, hao walimu waliokuwa wanatunyima nusu pointi kwa sababu ya koma, wakaanza kumgawia Gédéon pointi kama watu wanaorusha pipi kwenye harusi. Nilikuwepo siku Prof wa hesabu alirudisha interro, jaribio la darasani. Gédéon alitazama karatasi yake akainuka.

"Prof, mi sikujibu hapa."

"Ulijibu samedi, uwanjani," Prof akasema. "Mbili kwa sufuri. Kaa."

Darasa lote likacheka, likapiga meza. Gédéon naye akacheka, akakaa. Alikuwa amepewa kumi na sita juu ya ishirini kwa karatasi nyeupe.

Sitamsafisha. Alipenda kushangiliwa. Alikuwa anapitisha mkono kwenye nywele kabla ya kupiga kona, alijua msichana gani amekaa upande gani, na alipobebwa mabegani alikuwa anajinyoosha kidogo ili aonekane mpaka barabarani. Nilimdharau pia, na kwa muda mrefu nilimdharau kuliko wote, kwa sababu nilidhani haoni. Shule ilimlisha kwetu, kwa hiyo kila jioni alikuja kukaa jikoni, siyo salon, akala sahani zake tatu bila kuinua kichwa. Halafu siku moja, nadhani ni Novemba, mguu wake ukiwa umevimba na Prof wa gym akiwa ameumwagia maji ya moto yenye chumvi na kusema itapona, aliuweka juu ya benchi yangu, akagusa kifundo kwa kidole.

"Doro, hii mufupa inaitwa je?"

Jina langu ni Dorcas, lakini pale nyumbani ni Doro. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita. Nikamwambia jina la mfupa, kwa Kifaransa, nikitazama lenga-lenga.

"Na hii?"

Nikamwambia.

"Weye unajua yote hii? Na mi tuko darasa moja?" Akageukia pointi zake, zile themanini juu ya mia. "Wananipatia quatre-vingt. Quatre-vingt ya nini, Doro? Examen d'État ya kumaliza shule haitoke kwa Préfet. Inatoka Kinshasa. Kinshasa hawajue kama nilifunga Shari."

Basi alikuwa anaona. Mama Rosette alikuwa anapepeta unga, akacheka bila kugeuka. "Tout-Terrain amegonga ukuta," akasema. Lakini mimi sikucheka. Kijana huyo alitaka kitu kimoja, na alikisema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba mkopo: diplôme, ili aende kusomea uuguzi, ajue ndani ya mguu kuna nini kabla mtu hajaumwagia chumvi. Na shule nzima ilikuwa inamshangilia kila siku mbali na kitu hicho.

Tukaanza. Mimi na aibu yangu, yeye na mguu wake juu ya benchi. Nilimpa maswali nikichambua majani, alijibu kwa kipande cha mkaa juu ya karton, na mimi nilisahihisha. Nilikuwa mkali, kwa sababu nilikuwa na hasira. Mara ya kwanza nilimpa mbili juu ya kumi. Alikaa akitazama ile mbili kwa muda, halafu akatabasamu, siyo lile tabasamu la kupiga kona.

"Hii ni yangu," akasema.

Baada ya hapo hakuniuliza kitu kingine akiingia. "Nipatie yangu," alisema tu, hata kabla ya kunawa. Kuna siku alikosa, kwa sababu mafana walikuja kumchukua na filimbi yao, na siku hizo nilimwandikia sufuri na Mama Rosette akamnyima sahani ya tatu. Alirudi amenuna, akachukua sufuri yake, akaanza upya. Mpaka Pasaka alikuwa anapata tano, sita. Kichwa chake kilikuwa kizuri, kilikuwa kimeachwa tu, kama chumba cha mgeni katika nyumba isiyo na wageni.

Mnamo Mei shule ilichukua kombe. Sitaeleza mechi, kwa sababu nilikuwa jikoni, na kwa sababu watu wa Bigo wataieleza mpaka wafe. Nitaeleza chakula. Walikuja salon Préfet, Prof wa gym, Prof wa hesabu na Prof wa chimie, na kombe wakaliweka katikati ya meza, kwenye nailoni ya maua, bakuli la samaki likakosa nafasi. Niliweka samaki kwenye kiti. Wakala wakicheka, halafu sauti ya Préfet ikashuka, ikawa ile ya ofisini.

"Shida ni moja. Ule mutoto akipanda sixième, mwaka moja tu anaenda. Akibaki cinquième, tuko naye miaka mbili."

"Atabaki namna gani?" akauliza Prof wa hesabu. "Siye wenyewe tulimupa quatre-vingt."

"Kwa examen ya mwisho, musimupatie kitu. Mumuache afanye."

Halafu wakaelewa, na kicheko chao kilitikisa makarton. Mumuache afanye! Katika mwaka mzima hilo ndilo wazo la kwanza la ualimu nililolisikia katika meza ile, na lilikuwa la kumwangusha mtoto. Prof wa gym alicheka mpaka akakohoa mfupa wa samaki.

Nilimwambia Gédéon jioni ile ile, hata kabla hajaketi. Nilidhani atapiga kitu. Yeye akakaa, akavuta karton, akasema: "Basi watanisahihisha? Kweli kweli?" Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilitaka kumwambia, mjinga weye, wanakuchimbia shimo, na yeye alikuwa anafurahi kama mtu aliyealikwa. Juni nzima hakugusa mpira. Rais wa mafana alikuja mara mbili kuuliza kama anaumwa, na Mama Rosette akamwambia ndiyo, anaumwa, ugonjwa wa kuambukiza, rudisha filimbi yako nyumbani. Alisoma jikoni mpaka makarton ya kuandikia yakaisha na tukaanza kubandua yale ya ukutani, upande wa chini, ambapo hayaonekani. Siku za examen aliandika mpaka kengele, kila siku, ulimi nje, na walimu walipita kati ya meza wakimwangalia kwa huruma ile ya watu wanaojua.

Siku ya délibération, yaani siku walimu wanaketi kuamua nani anapanda na nani anabaki, waliketi shuleni asubuhi, halafu wakaja kumalizia kwetu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mbao na sahani mkononi. Pale tulipobandua karton niliona viatu vyao, na viatu vya Préfet vilikuwa vinapiga chini taratibu.

Prof wa chimie ndiye aliyesema. "Préfet, kuna kitu. Gédéon amepata cinquante-quatre."

"Cinquante-quatre gani?"

"Ya kwake. Mi mwenyewe nilisahihisha, na wengine vile. Amepita."

Hamsini na nne juu ya mia. Viatu vikasimama. Nilishika sahani kwa mikono miwili. Ndani ya kifua changu kulikuwa na makofi, mimi ambaye sipigi.

"Prof," Préfet akasema, pole pole, kama anamweleza mtoto, "nani atakubali? Mwaka muzima wanajua tunamupatia. Tukimupandisha, watu watasema tulimusaidia. Tutafute aibu ya nini? Abaki. Ni kwa heshima ya shule."

Nimeandika maneno haya kama yalivyosemwa, na nimeyasoma tena mara nyingi, na bado yananishinda. Pointi zote za uongo alizopewa hazikuwatia aibu. Zile za kweli ndizo ziliwatia aibu. Prof wa chimie alisema kweli mara moja katika maisha yake, kisha akaomba pilipili.

Nikarudi kwenye sufuria. Nikapakua maharagi ya chini kabisa, yale meusi yaliyoshika, nikaweka kwenye sahani ya Préfet. Mama Rosette aliona.

"Ya kuungua unapelekea nani?"

"Préfet, mama."

Alinitazama. Alikuwa amesikia naye, ukuta ni ule ule. "Ongeza," akasema.

Préfet alikula yote. Hakuona tofauti, na hilo nalo nililiandika.

Nilimwambia Gédéon cinquante-quatre yake jikoni, na nikamwambia yaliyofuata. Alirudia tu hesabu ile kwa midomo. Nadhani hakunisadiki kabisa. Nadhani alidhani kwamba ikifika siku yenyewe, mbele ya watu wote, mtu mzima hawezi. Proclamation kwetu inafanyika kwenye uwanja wa shule, wazazi wanasimama pembeni, Préfet anasoma majina ya waliopita na pointi zao, na asiyesikia jina lake anaelewa mwenyewe na kuondoka taratibu kwa mlango wa nyuma. Walisoma darasa letu. Langu likasomwa la kwanza, nikatazama chini. Wakaendelea mpaka la mwisho. Jina la Gédéon halikusomwa. Na mimi, hata mimi, nilitegemea kitu: mzazi mmoja aulize, mwanafunzi mmoja apige kelele.

Kelele ikaja. Ilitoka kwa Rais wa mafana. "Anabakia!" akapiga filimbi. "Tout-Terrain anabakia na siye!" Na uwanja mzima ukaelewa, ukalipuka. Anabakia! Anabakia! Wakamkimbilia, wakamwinua mabegani, wanafunzi waliopita, wanafunzi walioanguka, mama mmoja na kitenge chake akipepea, wakamzungusha kwenye uwanja wote wakiimba kwamba mwaka ujao kombe ni letu tena. Niliona Prof wa chimie akipiga makofi. Préfet alitabasamu kama mtu aliyewapa watoto zawadi. Sijaona tena katika maisha yangu watu mia kwa mia wakimwimbia mtu kwa sababu maisha yake yamerudishwa nyuma, na wakamtazama usoni wakisubiri afurahi nao. Na Gédéon, juu kule, alikuwa anageuza kichwa akitafuta. Aliponiona nimesimama peke yangu karibu na ua, alionyesha vidole vitano, halafu vinne. Alikuwa anauliza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, uliipata. Basi akaacha kutafuta. Hakujinyoosha tena. Alikaa juu ya mabega yao kama mfuko.

Septemba iliyofuata walikuta jezi yake imefungwa kwenye kitasa cha mlango wa Préfet, imefuliwa. Yeye alikuwa amerudi upande wa Nizi, kubeba mchanga kwa watu wa dhahabu. Waliokuwa wanamwimbia hawakungoja hata juma moja: msaliti, mwizi, tulimulisha bure. Rais wa mafana alikuja kukaa salon yetu na kusema kwamba mtoto yule hakuwa hata mchezaji, alikuwa na bahati tu. Mama Rosette alimwambia chakula kimeisha, na sufuria ilikuwa inachemka. Mimi nilipanda sixième, nikapata diplôme yangu, na muda wote huo nilikuwa nampa dereva mmoja wa moto makarton, yenye maswali upande mmoja, na yeye aliniletea yakiwa na majibu upande wa pili, na vumbi jekundu, na siku moja alama ya kiatu. Nilisahihisha kama zamani. Sikumwongezea kitu.

Jumamosi iliyopita, basi, Préfet alimaliza hotuba yake, akatoa jezi mpya yenye jina Tout-Terrain mgongoni, akasema champion atacheza mechi ya wakubwa na wadogo, kumbukumbu ya kombe. Watu wakaanza kumwita kwa filimbi. Gédéon aliishika jezi, akaipima kifuani kwa adabu.

"Asante, Préfet," akasema ndani ya micro. "Inanibana."

Akairudisha, akashuka, akapita kati ya viti, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule ule wa wale wasiosomwa. Nilimfuata. Alikuwa ameshaingia jikoni, amekaa kwenye benchi yangu, magoti yanamfika kidevuni. Mama Rosette alikuwa kwenye bugali, mikono myeupe.

"Examen d'État imetoka," Gédéon akasema. Alikuwa ameifanya kama autodidacte, mtu asiye na shule, kati ya watu wazima wasiojuana. "Cinquante-deux."

"Hamsini na mbili tu?" Mama Rosette akasema. "Na zamani walikuwa wanakupa quatre-vingt."

"Ile ilikuwa ya kwao, mama."

Mjini kote juma lile walikuwa wanapita vijana waliofaulu, wenye poudre nyeupe kichwani kama desturi yetu, mama zao wakiimba nyuma ya moto. Sisi hatukuwa na poudre. Mama Rosette aliingiza mkono kwenye beseni, akachota unga wa muhogo kwa kiganja kizima, akamwagia katikati ya nywele, akachota tena. Mimi nilipiga makofi. Sauti yake ilinishtua, ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Ng'ambo ya ua micro ilikuwa inaita, "Tout-Terrain anaombwa mbele kwa photo, Tout-Terrain anaombwa mbele," na Gédéon akavuta sahani, akaanza kula. Unga ulikuwa unadondoka kutoka kwenye nyusi zake mpaka ndani ya sombe, na hakuutoa.